Chuma na Kioo Vipoe Pamoja

Mtu huyu alinichosha. Naanza na hilo, asije mtu akadhani naandika kwa mahaba. Tuligawana ukuta mmoja kule Firq, nje kidogo ya mji wa Nizwa hapa Oman, yeye na karakana yake ya televisheni, mie na duka langu la kushona, tangu nywele zangu nyeusi na zake zipo, na katika muda wote huo sikumbuki wiki iliyopita bila ya kunipandisha presha. Ukitaka kujua kazaliwa wapi na ukoo wake nani, waulize wengine. Nizwa hii haina upungufu wa watu wa kukuhesabia nasaba ya mtu mpaka kwa Nabii Adamu. Mie nitakusimulia yule niliyemjua mwenyewe. Na jina lake pia liache. Watu wote walimwita Fundi, hata imamu wa msikiti. Sasa pale karakanani wanauza vifuniko vya simu, na ukuta wangu umenyamaza.

Fundi alikuwa na neno moja. Watu wengine wana dini, wana mpira, wana ugonjwa wa sukari. Yeye ana neno. "Vipoe pamoja." Ili ulielewe neno hilo lazima nikueleze kazi yake ya ujanani, na uniwie radhi, kwa sababu mie nimeelezwa mara nyingi kuliko bismillahi.

Ujanani alifanya kazi Ulaya, kwenye kiwanda cha vioo vya televisheni za rangi, zile nzito zenye mgongo ambazo vijana wa leo hawakupata kuzibeba, ndiyo maana viuno vyao vizima. Wewe ukiitazama televisheni ile unaona kioo tu. Kumbe nyuma ya kioo, ndani kwa ndani, pana bamba jembamba la chuma lenye vitundu vidogo visivyohesabika, ili kila rangi ipite njia yake na ifike pake. Yeye akiliita barakoa. Sasa barakoa ile haielei hewani. Inashikwa na vijipini vya chuma vilivyozamishwa kwenye ukingo wa kioo, vitatu kwa televisheni ndogo, vinne kwa kubwa. Kuvipachika vijipini hivyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Fundi. Pini inapashwa moto mpaka inaiva nyekundu, kioo nacho kinalainishwa pale pale inapotakiwa, pini inasukumwa, inazama kidogo, inasimama. Halafu unangoja.

Hapo kwenye kungoja ndipo palipomharibu. Maana chuma kikipoa kinasinyaa, na kioo kikipoa kinasinyaa, lakini kila kimoja kina mwendo wake. Lazima uchague chuma chenye mwendo mmoja na kioo, na uvipooze taratibu. La sivyo, kwenye shina la pini panaingia ufa mwembamba kama unywele. Na ufa wenyewe mnafiki. Leo huuoni, kesho huuoni, siku kioo kimeshapakwa rangi, kimeshafungwa, kimeshanyonywa hewa, ndipo kinapopasuka, na kazi ya watu wote imekwenda bure.

"Chuma na kioo vipoe pamoja," akisema Fundi, kidole kimesimama juu kama anatoa shahada. Na neno hilo hakuliacha kiwandani, wallahi laiti angeliacha. Alikuja nalo Oman, akalitumia kwa chai, kwa mchuzi wa papa, kwa siasa, kwa ndoa za watu.

Chukua mwezi wa sita. Nizwa inawaka, jiwe linaomba maji. Unaingia dukani kwako umelowa jasho, unanyoosha mkono uwashe AC, unamsikia mlangoni.

"Subiri! Upoe kwanza. Utapasuka!"

"Fundi, mie si kioo."

"Hujui wewe ni nini mpaka upasuke."

Sasa mtu kama huyo utamjibu nini? Nasimama pale, jasho linanitiririka mpaka kwenye kitambaa cha mteja, nangoja Fundi atosheke kwamba nimepoa. Msikitini alikuwa hivyo hivyo. Imamu alinambia mwenyewe kwamba Ijumaa moja Fundi alikizuia kidude cha kuwashia AC mfukoni mwake mpaka hotuba ya kwanza ikaisha, na watu wanajipepea kwa kofia.

Au chukua cherehani yangu. Imekufa siku chache kabla ya Idi, nina nguo za harusi mbili na za watoto wa mtaa mzima. Nikampelekea, nikamwambia, ami yangu, nakuomba, leo leo. Akaifungua, akaitazama, akaiweka juu ya meza, akaifunika na kanga kuukuu.

"Imefanya kazi sana, imepata moto. Iache ipoe."

Ilipoa siku ile, ikapoa na ya pili, ikapoa na ya tatu. Mie nagonga ukuta, nalia, naapa, nashona vifungo kwa mkono. Usiku wa kuamkia Idi haujaingia bado, alasiri, akaja nayo kaibeba kwapani, akakaza skrubu moja mbele ya macho yangu, ikanguruma. Skrubu moja! Nikamuuliza mbona hukuikaza siku ile. Akanitazama kama nimemuuliza mbona hakusali adhuhuri asubuhi. Na pesa hakutaka kupokea, akaondoka na vitumbua sahani nzima.

Tena angalau angekuwa mtu wa polepole kweli kweli, ningesema ndiyo maumbile yake. Lakini mpandishe kwenye pikapu yake! Kutoka Firq mpaka sokoni Nizwa anaruka matuta, mbuzi wanajificha, na marehemu mkewe akipanda na tasbihi mkononi. Alichukia gundi kuliko shetani, akisema gundi ni uwongo unaokauka, na makubadhi yake yote mawili yamegandishwa kwa gundi. Alikuwa fundi wa televisheni, na nyumbani kwake hakuna televisheni. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwamba yeye alipachika vile vijipini ili rangi zikae pahali pake, hakuapa kwamba ataangalia upuuzi utakaopita humo. Zilipokuja hizi televisheni bapa za kutundika ukutani alizikataa kuzigusa. "Kitu kisichokuwa na mgongo utakiaminije?" Basi riziki ikakimbia, akabaki na feni na pasi za watu, na rafu zimejaa televisheni zilizokufa mpaka darini.

Na hizo zilizokufa hazitupi. Anazifungua. Anatoa kile kioo kikubwa, anaikwaruza shingo yake kwa tupa taratibu mpaka hewa iingie, unasikia kinavuta pumzi, fssss, kwa sababu ukikivunja ghafla kinalipuka na kukukata uso. Halafu anapasua mpaka anafika kwenye zile pini, anaziangalia kwa lenzi, na ananigongea ukuta nije nione. Mie nina mkasi mkononi, mteja yuko kwenye vipimo, lakini usipokwenda hachoki kugonga.

"Tazama hii. Huyu alikuwa na haraka. Alikuwa anawaza chakula cha mchana. Na hii, mashaallah, huyu alitulia, mkono wa mtu huyu ningeubusu."

Watu asiowajua, viwanda asivyopata kuviona, na yeye anawasifu na kuwasuta kama watoto wa jirani. Siku moja bibi mmoja wa Kibedui kutoka upande wa Ibra alileta televisheni yake, naye kavaa barakoa ya kweli, ile nyeusi ya pua iliyochongoka. Fundi akamwambia kwa Kiarabu, "Mama, na hii televisheni yako nayo ina barakoa kama yako, tena ikivaa ya mwenzake rangi zote zinaharibika." Bibi yule akamwambia mzee kama wewe huoni haya, akaibeba televisheni yake akaondoka. Tukapoteza na mteja wangu, maana alikuja na mjukuu wa kushonewa.

Lakini mwenyewe alisema kweli kuhusu lile jambo, na hapa ndipo panapoanza lililoniuma. Kiwandani kila barakoa ilikuwa na kioo chake. Rangi zilipakwa kioo kikiwa na barakoa yake, wanaivua, wanaivisha, wanaivua, wanaivisha, tena na tena, na zile pini zinairudisha pale pale. Ukiichukua ya kioo hiki ukakivisha kile, uso wa mtu unakuwa kijani. Fundi alilichukua jambo hilo la kiwandani akalileta kwenye baraza yake, akampimia nalo binti yake wachumba.

Binti yake ni Salma. Anafanya kazi ofisini chuoni, mwenye kucheka na mwenye mikono ya jiko. Mama yake alipofariki yeye ndiye aliyebaki na baba, na hapana aliyemsikia akinung'unika. Ananiita dada. Mie sina mtoto wa kike, kwa hiyo ukimgusa Salma umenigusa kwenye jicho.

Mposaji akija, Fundi alimkaribisha vizuri, tende, kahawa, salamu ndefu za Kimanga. Haulizi mshahara, haulizi ukoo. Anaagiza chai ya rangi, ya moto kabisa, kwenye istikani, kile kibilauri chembamba cha chai. Halafu ananyamaza anamtazama mtu atakavyoipooza. Ndiyo mtihani! Wengine wanasali istikhara, Fundi anaitazama chai.

Wa kwanza alikuwa mwalimu kutoka Ibra, mtu mwema, mpole. Aliipuliza. "Anapuliza," Fundi akanambia kesho yake kupitia dirishani. "Hana subira." Wa pili aliimimina kwenye kisahani. "Mtu wa njia za mkato." Akaja wa tatu, huyu kaiacha mpaka ikapoa kabisa, kisha akainywa. Mie nikasema alhamdulillah, huyu kapita. Nilishaanza kuwaza kitambaa cha harusi.

"Huyu hana moto hata kidogo," akasema Fundi. "Utapachika nini pasipokuwa na moto?"

Niliingia ndani nikafunga duka nikalala.

Kisha akaja Nasor, mtu wa Sur, mji wa pwani. Kazi yake kule Ras al Jinz, anawapeleka wageni pwani kuwaona kasa wakitaga, na Salma alimjua pale alipokwenda na wanafunzi wa chuo. Salma alinambia habari zake anakunja kitambaa changu kisichohitaji kukunjwa, nikajua. Siku aliyokuja kuposa kulikuwa na joto la kuvunja tende, na kaendesha njia nzima kutoka Sur, na AC ya gari yake mbovu. Mie nilikuwepo, niko ndani na Salma. Ikapelekwa chai. Nasor akaichukua ile istikani akaigugumia yote, ya moto vile vile, kisha akataka radhi na kuomba maji. Salma kwa huruma yake, maskini, akampelekea bilauri imejaa barafu. Mwenyewe ndiye aliyeitia, kwa mkono wake. Nasor akayanywa kwa pumzi moja, barafu inagonga meno, akasema, "Allah! Ami, sasa nimerudi duniani."

Mimi niliuona uso wa Fundi. Kama kaona mtu anatia kioo chenye moto ndani ya ndoo.

"Chai inayochemka, kisha barafu!" alinambia jioni ile. "Meno ya mtu ni nini kama si kioo? Halafu huyo mtu wa pwani, kazoea unyevu. Salma kakulia hapa, joto kavu. Watasinyaa kila mtu na mwendo wake. Atanipasulia mwanangu."

"Fundi, alikuwa na kiu! Binaadamu huona kiu!"

"Tungoje," akasema.

Hakumkataa. Laiti angemkataa, tungejua moja, tungelia, tungemaliza. Alisema tungoje. Nasor akangoja mpaka mama yake akamlazimisha akaoa kwengine, na Salma akampelekea mama huyo zawadi ya baibui niliyoishona mie, kupitia kwangu, hakutaka ajulikane. Na tangu siku ile Salma hakuweka tena barafu kwenye nyumba ile. Ukienda ukiomba maji unapewa ya mtungi. Sikuwahi kumuuliza.

Miaka ikapita. Mke wa Nasor akafariki, Mungu amrehemu, na ulipopita muda wa heshima akanijia dukani, mvi zimemuingia ndevuni, kofia mkononi. "Dada, kama Salma bado yupo na kama yeye radhi, nakuomba unisemee kwa Fundi." Salma alikuwa radhi. Hakusema, alikwenda kuosha uso akarudi na macho mekundu, akaniuliza kama Sur siku hizi kuna chuo.

Nikaenda kwa Fundi kama mshenga. Nikampa shikamoo, akaniitikia marahaba, nikasema niliyotumwa. Tungoje. Nikaenda tena baada ya Ramadhani. Tungoje. Nikaenda na mkate wa ajemi, nikaenda na halua, nikaenda na hasira. Tungoje, tungoje. Nikamwambia Salma kadhi yupo, sheria ipo, baba akizuia bila sababu binti ana pa kusema. Akanitazama.

"Nimpeleke baba mahakamani, dada? Halafu Idi nimpikie nani?"

Basi tukakaa hivyo, watu wazima watatu wamefungwa na istikani moja ya chai.

Siku aliyoanguka mie nilikuwa nakata suruali. Nikasikia kishindo nikadhani kioo kimelipuka. Nikakimbia. Kumbe alipanda juu ya kiti kuteremsha televisheni kutoka rafu ya darini, kiti kimeruka, yeye yuko chini ubavu ubavu na televisheni salama kaikumbatia kifuani. Mguu umegeuka nje, uso mweupe. Nikaingiza mkono nimnyanyue.

"Usiniguse," akasema. "Iache ipoe."

Pale chini, kavunjika, na bado! Nilicheka na kulia pamoja, nikampigia Salma, nikaita gari la wagonjwa.

Hospitalini wakapiga picha, wakasema mfupa umekatika karibu na nyonga, bado haujahama, ukiwahiwa utashikwa kwa vijichuma vitatu na baada ya siku mbili tatu atasimama. Ukiachwa, hatasimama tena, na mzee wa umri ule akilala sana mapafu yanajaa, damu inaganda, unajua mwenyewe inakwisha vipi. Daktari kijana mmoja, adabu tupu, akayaeleza yote hayo kwa Kiarabu kizuri taratibu.

Fundi akamuuliza, "Hicho chuma na mfupa, vinapanuka sawa?"

Daktari hakufahamu. Fundi akamueleza. Akamueleza Ulaya, akamueleza pini, akamueleza ufa mnafiki. Kule nje kuna wagonjwa wanalia, na huyu anatoa darsa. Salma kajifunika uso kwa shela.

"Ami," akasema daktari, na Mungu ambariki hakucheka, "mfupa si kioo. Mfupa una uhai. Tukishatia chuma, wenyewe unaota kukizunguka, unakishika."

"Wenyewe?"

"Wenyewe. Na unataka utembee ndiyo ushike. Kungoja ndiko kunakouharibu."

Fundi akaitika kwa kichwa. Nikasema moyoni, alhamdulillah. Kisha akasema, "Basi tungoje kidogo, nifikiri."

Akafikiri siku ile, akafikiri na ya pili. Daktari anakuja anaondoka. Nasor kasikia habari, kaja kutoka Sur, kakaa kwenye ukumbi wa nje na pakiti ya tende mapajani, hathubutu kuingia. Fundi kamuona kwenye kijidirisha cha mlango, kafumba macho anajifanya kalala, anakoroma mchana kweupe. Siku ya tatu Salma akateremka kununua maji. Nikaufunga mlango.

"Fundi," nikamwambia, "shikamoo yako nimeshatoa asubuhi, kwa hiyo sasa nivumilie. Unangoja nini? Ukibaki na mguu huu utalala hivi mpaka siku yako, na Salma ndiye atakayekugeuza asubuhi na jioni kama mkate wa jikoni. Ujana wake umeshaula kwa tungoje tungoje. Sasa unautaka na uzee wake?"

Sijapata kumwambia mtu mzima maneno kama yale, na mama yangu angekuwa hai angenipiga kofi.

Yeye kaitazama dari. "Mie naogopa ufa," akasema. "Ule unaokuja baadaye."

"Ufa upo zamani, Fundi. Unakupikia na kukufulia."

Akanambia nimpandishie shuka, miguu inaona baridi. Salma akarudi na maji, akatutazama mmoja mmoja. Alasiri ile Fundi alimuita daktari akatia saini.

Mara ya mwisho ninayotaka kukusimulia ni Jumatatu moja, Fundi kesharudi nyumbani, mie nimemchukulia mkate wa ajemi wa moto. Nimemkuta sebuleni kasimama na lile fremu lake la bati la kutembelea, analalamika. Fremu jepesi mno, vigae vinateleza, wauguzi walikuwa na haraka. Nikasema haya, huyu kapona.

"Njoo uone," akanambia, na kumbe ana simu ya Salma. Daktari alimruhusu Salma kuipiga picha ile ya eksirei kwenye kompyuta, na Fundi kashajifunza kuikuza kwa vidole viwili. Nyonga yake ile pale, nyeupe, na vijichuma vitatu vimezama ndani.

"Vitatu," akasema. "Kama kioo kidogo. Lakini mtazame huyu wa tatu. Umemuona? Kainama."

"Sijaona kitu."

"Kainama! Kwetu kiwandani kioo hiki mkaguzi angekitia alama ya chaki, kingekwenda pipani."

Hapo presha ikanipanda kama zamani. "Fundi! Kioo hicho kimekupeleka chooni asubuhi ya leo na kimekurudisha! Hebu mshukuru Mungu, yakhe!"

Nilidhani atanirudi. Badala yake akaiweka simu juu ya meza, akaukamata ule ukingo wa fremu, akapiga hatua. Akapiga nyengine. Akasimama katikati ya zulia, akautazama mguu wake kama mtu anayetazama mguu wa mtu mwengine.

"Kinatembea," akasema.

"Kinatembea, ndiyo."

Kisha akasema taratibu, hata siifahamu sauti yake, "Tukivitupa vingi, unajua. Pini ikiinama hivi tu, pipani. Hatukuvijaribu. Nani anajua. Labda vyengine vingetembea."

Salma alikuwa kashafika mlangoni na sinia ya chai. Alisikia. Alisimama pale pale, na baba yake hakumgeukia.

Fundi akajishusha kwenye kiti, akakipangusa kishada cha shingoni mwa kanzu yake, akanambia mie, si Salma, na kwa sauti ya mtu anayeagiza vipuri:

"Mwambie yule mtu wa Sur aje. Ijumaa, baada ya sala."

"Nitamwambia," nikasema.

"Na maji ya barafu yawepo."

Salma akaiweka sinia juu ya meza, hakutumiminia, akaingia jikoni. Tukasikia kabati linafunguliwa, vitu vinahamishwa, kitu kinatafutwa huko nyuma kabisa kisichotumika siku nyingi. Kisha bomba likafunguliwa, maji yakajaa kwenye kisahani cha kugandishia barafu, na mlango wa friji ukafungwa polepole. Nami nikahesabu kwenye vidole vyangu mpaka Ijumaa, nikaona ndiyo kwanza Jumatatu.